Kidole Busia, Jibu Nairobi

Msafiri anayetoka Kenya kuingia Uganda kupitia Busia hasimami upande wa Kenya. Hupita, akavuka mstari, na kuhudumiwa na nchi zote mbili ndani ya jengo lililoko upande wa Uganda, ambako afisa wa Kenya anayemuaga na afisa wa Uganda anayempokea wanafanya kazi chini ya paa moja. Anayekuja Kenya hufanyiwa vivyo hivyo upande huu. Huo ndio utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani, ulioimarishwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 24, 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Huko Malaba, ambako malori yanayotoka bandari ya Mombasa hupanga foleni kuelekea Kampala, Kigali na Juba, mpango ni ule ule.

Utaratibu huu umepunguza usumbufu, lakini umeleta swali ambalo abiria mwenye haraka halifikirii. Rejista ya watu wa Kenya iko Nairobi. Afisa wa Kenya aliyeketi kwenye ardhi ya Uganda akitaka kujua kama kitambulisho alichopewa ni cha kweli, ana njia mbili. Anaweza kukitazama, picha na uso, uso na picha. Au anaweza kuiuliza kompyuta iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo. Njia ya pili ndiyo inayokimbiliwa na serikali za pande zote mbili: mtu aweke kidole au aitazame kamera, na mashine za mbali, zile ambazo watu wa kompyuta huziita wingu, zijibu kama kweli ndiye.

Haja ya kitu kama hicho inaonekana Busia kuliko mahali pengi. Tangu mwanzoni mwa 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Kadi iliyokuwa ya kufungulia akaunti ya benki na kupigia kura ikageuka pia kuwa hati ya safari. Na hapa mpaka wenyewe uliwakuta watu. Hadi Machi 31, 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku iliyofuata Waingereza waliuhamishia Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Wasamia na Wateso waliolala upande mmoja na ndugu zao waliamka wakiwa wa tawala mbili, na hakuna aliyekuwa amehama.

Matokeo yake yamo kwenye majina. Ukimtafuta Wandera, Ojiambo, Wafula, Barasa au Emojong, utampata Busia ya Kenya na utampata Busia ya Uganda, pengine wakiwa binamu, pengine wakiwa na tarehe za kuzaliwa zilizokadiriwa kwa sababu mama zao walijifungulia nyumbani. Karani anayetegemea jina na mwaka wa kuzaliwa hawezi kuwatenganisha. Alama za vidole zinaweza. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutumia viungo vya mwili kumtambua mtu, na wanaoupinga mfumo huu hawana budi kuijibu.

Hoja hiyo, hata hivyo, si ngeni Kenya. Kipande, hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni iliyoamriwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa na alama za vidole. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kukibeba, aghalabu ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mwajiri aliandika humo alichotaka. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, akusanye watu Nairobi hadi akakamatwa Machi 1922. Kwa hiyo mzee wa Teso Kusini, hapa Busia, anapoambiwa aweke vidole kumi kwenye kioo chenye taa, na akasita, isidhaniwe ni ushamba. Nchi hii imewahi kutumia kidole cha mtu kumfunga mahali pa kazi.

Sasa mashine hufanya nini hasa? Haihifadhi picha ya kidole ili kuilinganisha nzima na nyingine. Inatafuta vituo: mahali ambapo mstari wa ngozi unakatika, na mahali ambapo mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili. Kila kituo hupewa nafasi na mwelekeo wake, na orodha ya vituo hivyo ndiyo inayogeuzwa kuwa tarakimu, ikafungwa kwa msimbo na kutumwa. Kompyuta ya mbali huzilinganisha na zile ilizopokea siku mtu alipojisajili. Haiwezi kusema "ni yeye" kwa uhakika kamili. Hutoa alama ya ufanano, na mtu fulani ofisini ndiye aliyeamua kwamba ikipita kiwango fulani jibu liwe ndiyo, na ikipungua liwe hapana. Kikipandishwa kiwango, matapeli wanapungua na watu wa haki wanakataliwa zaidi. Kikishushwa, mambo yanageuka.

Kuna maswali mawili tofauti ambayo mashine hiyo huulizwa, na wanasiasa huyachanganya. La kwanza ni dogo: huyu anayedai namba fulani, je, kidole chake kinalingana na kilichohifadhiwa chini ya namba hiyo? Ulinganisho ni mmoja tu. La pili ni kubwa: huyu ambaye hajawahi kusajiliwa, je, yumo humu kwa jina lingine? Hapo kompyuta inapaswa kumpitisha mbele ya kila mtu aliyemo. Tuseme ulinganisho mmoja unakosea mara moja katika kila milioni. Kwa swali dogo hilo si kitu. Kwa rejista ya watu milioni 30, ni washukiwa 30 wasio na hatia kwa kila mtu mpya anayejisajili. Ndiyo maana mifumo mikubwa huchukua vidole vyote kumi, uso, na siku hizi mboni ya jicho. Uganda ilipoanza mwezi Mei 2025 kuwasajili upya watu wake na kubadilisha vitambulisho vya Ndaga Muntu vilivyokuwa vimefikisha miaka kumi, mboni iliongezwa kwenye orodha ya vinavyochukuliwa.

Kuongezwa kwa mboni kuna sababu nyingine inayoeleweka vizuri Malaba. Ng'ambo kidogo, Tororo, kuna viwanda vya saruji. Saruji iliyochanganyika na jasho au maji ni kali kwa ngozi. Anayepakia na kupakua mifuko yake kwa miaka, bila glavu, viganja vyake hukauka, vikapasuka, na ile mistari ya vidole ikasagika. Fundi mwashi hali kadhalika. Mama anayeparua samaki wa Sio Port na kuosha ndoo kwa sabuni ya unga kutwa nzima, mkulima wa mihogo, mvunja kokoto, wote wana vidole ambavyo kioo cha mashine kinaviona kama karatasi tupu. Uzee unafanya kazi ile ile polepole: ngozi inalegea, inakauka, mistari inafifia. Wanaokataliwa mara nyingi na mashine ni wale waliofanya kazi nyingi kwa mikono, na ndio hao hao wanaohitaji zaidi shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza, au matibabu yanayolipiwa na bima ya umma.

Mfano wa karibu ni Uganda. Ripoti iliyotolewa Juni 2021 na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika ya Uganda ya ISER na Unwanted Witness ilikadiria kwamba hadi theluthi ya watu wazima nchini humo hawakuwa na kitambulisho, na ikaeleza jinsi wazee walivyokosa pesa zao za uzeeni na wajawazito walivyorudishwa kutoka vituo vya afya. Mbali zaidi, India imesajili watu zaidi ya bilioni 1.3 katika mfumo wake wa Aadhaar tangu 2010, na kompyuta zake hujibu maombi ya uthibitisho kila siku kutoka mabenki hadi maduka ya mgao wa nafaka. Ni kazi kubwa ya kihandisi, hakuna ubishi. Lakini huko pia kumekuwa na familia zilizorudi bila mchele kwa sababu kidole kilikataa au mtandao ulikatika, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India, ilipoukubali mfumo huo, iliuwekea mipaka.

Kenya nayo imeanza kuelekea huko hospitalini. Tangu 2025 mamlaka ya afya ya jamii, SHA, imekuwa ikiachana na namba ya siri inayotumwa kwa simu ya mgonjwa na kuweka alama za vidole mahali pake, ili kuzuia madai hewa. Kwa hospitali ya Busia, mji ambao wagonjwa huvuka kutoka pande zote mbili, faida ni dhahiri: hakuna anayeazimwa kadi ya shemeji. Hasara nayo ni dhahiri iwapo aliyeletwa hajitambui na kidole hakisomeki.

Lakini sehemu iliyo dhaifu zaidi ya mfumo haina kompyuta kabisa. Ni siku ya kwanza. Kabla kidole hakijaingia kwenye rejista, mtu lazima athibitishwe kuwa Mkenya, na hilo hufanywa na watu: mzee wa kijiji anayesema "huyu ni mtoto wa fulani", chifu anayetia saini, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo penye siri yote. Akisajiliwa mtu asiyestahili kwa chifu kufumba macho, wingu litamthibitisha kwa uaminifu mkubwa maisha yake yote. Kila akiweka kidole jibu litakuwa ndiyo, kwa sababu mashine haikuulizwa kama ni Mkenya. Iliulizwa tu kama ni yule yule wa mwanzo. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Kijana wa Amagoro, upande wa Kenya, ambaye mama yake ni wa Tororo, aliyezaliwa ng'ambo na kulelewa huku kwa bibi, anaweza kuwa na haki kamili ya uraia kwa mujibu wa Katiba ya 2010 na bado akazungushwa kwa sababu karatasi zake ni za nchi mbili.

Kaskazini mwa Kenya tatizo hili limeonekana wazi. Wakenya wengi wa jamii ya Wasomali, wakati wa ukame na njaa, walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, vidole vyao vilipatikana kwenye rejista ya wakimbizi na milango ikafungwa. Mashine haikukosea, ilitoa jibu sahihi kwa swali lisilotosha. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa waombaji wa kaunti za mpakani. Kwa mpaka wa magharibi, ambako mtu anaweza kuwa na Ndaga Muntu mfukoni mwa kulia na kitambulisho cha Kenya mfukoni mwa kushoto, somo la Wajir halipaswi kupuuzwa. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu uraia wa nchi mbili, mradi utaratibu ufuatwe. Wengi wa mpakani hawajaufuata, na si kwa hila: hawakujua upo.

Halafu kuna mtandao. Mfumo unaotegemea kompyuta za mbali ni kama bomba la maji la mjini: mfereji wa nyumbani unaweza kuwa mzima kabisa, ukafungua, ukapata hewa. Januari 13, 2021, jioni ya kuamkia uchaguzi, serikali ya Uganda ilizima intaneti nchi nzima na haikuirudisha hadi siku tano baadaye. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Na mwishoni mwa Julai 2023 wavamizi waliojiita Anonymous Sudan waliushambulia mtandao wa eCitizen, ulio na huduma za serikali zaidi ya 5,000, kwa kuumiminia maombi ya uongo hadi ukaelemewa. Serikali ilisema hakuna data iliyoibwa. Hata hivyo maombi ya viza yalikwama, na ikabidi wageni waahidiwe kupewa viza wakifika. Njia ya zamani, iliyokuwa imetangazwa kuwa imepitwa na wakati, ndiyo iliyookoa siku.

Kakamega, jirani wa Busia, ina kumbukumbu yake. Siku ya uchaguzi, Agosti 9, 2022, vifaa vya kutambua wapigakura vilikataa kufanya kazi katika vituo vingi vya kaunti hiyo, na tume ya uchaguzi ikaruhusu daftari la karatasi. Ukitazama mifano hii yote utaona kwamba kinachotofautisha mfumo wa kuaminika na wa kutisha ni jambo moja lisilopigiwa kelele kwenye uzinduzi: nini hutokea mashine ikinyamaza. Kitambulisho kipya cha Kenya, Maisha Card, kina chipu, na chipu inaweza kubeba taarifa za mwenyewe zikalinganishwa papo hapo bila intaneti. Kwa kituo kama Malaba hilo lina thamani kuliko kasi ya wingu lolote, kwa sababu foleni ya malori haingojei nyaya za baharini zishonwe.

Safari ya Kenya kufikia kadi hiyo ilikuwa ya mahakamani. Mwaka 2019 mamilioni ya watu walipanga foleni kujisajili kwa Huduma Namba, mradi wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, baada ya kuambiwa kwamba asiye nayo atakosa huduma. Jukwaa la Haki za Wanubi na wenzake walikuwa wameshashtaki, na Januari 30, 2020 majaji Mumbi Ngugi, Weldon Korir na Pauline Nyamweya waliamua kwamba serikali haiwezi kuchukua DNA wala kurekodi mahali nyumba ya mtu ilipo, na kwamba mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha za kulinda data. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha, kama sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inavyotaka. Mradi ukafa na mabilioni yake. Maisha Namba iliyofuata mwaka 2023 nayo ilisimamishwa na mahakama zaidi ya mara moja kabla ya kuruhusiwa iendelee. Wapo wanaosema mashauri hayo yalichelewesha maendeleo. Ukweli ni kwamba bila Wanubi, jamii iliyohangaishwa vizazi kwa vizazi kupata kitambulisho, leo DNA ya Wakenya ingekuwa ikiruhusiwa kuchukuliwa na karani wa usajili.

Sheria pia inagusa swali la wingu lenyewe liko wapi. Kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya sheria ya data zinataka taarifa za usajili na utambulisho wa raia zichakatwe kwa kompyuta zilizo ndani ya Kenya, au angalau nakala moja inayotumika iwekwe nchini. Nia yake ni kwamba mgogoro na kampuni ya kigeni usije ukawaacha watu milioni 50 bila uthibitisho wa wao ni nani. Uganda ina sheria yake ya data, pia ya 2019. Lakini hakuna rejista moja ya Afrika Mashariki, na pengine ni heri. Afisa wa Kampala anachohitaji kujua ni kama kadi ya Mkenya aliye mbele yake ni halali. Hilo linaweza kujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana, bila vidole vya Wakenya wote kuvuka mpaka.

Yote hayo yanahusu wanaopita dirishani. Mpaka wa Busia una njia za panya nyingi kuliko madirisha, na anayezitumia mara nyingi ni mama mwenye beseni la nyanya anayewahi soko, si gaidi wala mlanguzi. Jumuiya imemwekea utaratibu rahisi wa kibiashara kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Ikiwa dirisha litamkatalia kidole, atarudi kwenye kichochoro, na mfumo uliojengwa ili kujua nani amevuka utakuwa umepoteza hesabu ya watu wa kawaida kabisa.

Kwa msomaji wa upande wa Kenya aliyekataliwa na mashine, iwe mpakani, hospitalini au kwa wakala, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mambo matatu ya kudai. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kuziona taarifa zake na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Kifungu cha 35 kinamlinda dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na kinamruhusu kutaka uangaliwe upya. Asiposikizwa, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria imeipa siku 90 kutoa uamuzi. Aombe jina la ofisi, tarehe na sababu ya kukataliwa kwa maandishi kabla hajaondoka dirishani.